Tonton Isidore na pumziko alilonyimwa

Fanny, nilikuwa ninamimina simenti kwenye kopo la maziwa, ninatengeneza chuma kipya cha kunyanyua kwa ajili ya salle yetu ya mazoezi hapa Kasha. Upande mmoja ulikuwa umeshakauka.

Nasikia Glody, coach wetu, anamufokea mzee wetu, tonton Isidore: "Nyanyua! Hapa hakuna repos, hakuna kupumzika. Vita iko na repos?"

Watu wakacheka. Fanny, walicheka!

Tonton iko na tension, ile presha ya damu, na dawa zake hazifiki tangu vita vifunge barabara. Nikasema polepole, "Coach, muache akae mpaka aweze kuongea bila kuhema."

"Docteur YouTube, rudi kwa simenti yako!"

Tonton akaanguka. Midomo rangi ya majivu. Glody akamusimamia juu: "Inuka, papa, bado moja."

Bado moja! Mtu amelala chini, bado moja!

Tumemubeba mpaka dispensaire. Anapumua, lakini bado hajasema neno.

Unajua si kawaida yangu kumsema mtu vibaya. Lakini sasa hivi Glody ameniandikia: "Chuma kitakuwa tayari kesho?" Hali ya tonton hakuiuliza. Nimesikia kinyaa.

Chuma chake nimekiacha na uzito upande mmoja. Kesho naanzia kwa tonton, kule dispensaire.