Toka Luano Mupaka Ndjili ni Saa Mbili na Nusu

Ngoy mutoto wangu,

Nani alikutuma kuambia bantu ba kanisa kama mama yako ni muongo? Muke wako aliniambia yote. Ulisimama mbele ya korali, ukacheka: «Mama anasema alipanda ndege pa Luano saa ine, akafika Kinshasa saa tano na nusu. Ndege gani ile? Alibaki Lubumbashi, anatudanganya!» Weye muntu muzima, na ndevu zako!

Uko muzima lakini? Ile vumbi ya mawe ya Kakontwe haikuumizi kifua? Minye niko muzima, Mungu ananisaidia. Magoti tu.

Sikiliza sasa. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu, saa moja nzima. Inchi ni moja, saa ni mbili. Hata minye sikujua. Kufika Ndjili, kiwanja cha ndege cha Kinshasa, niligombana na polisi wa mulango: «Montre yangu ya mukono iko sawa, yenu njo imelala!» Yule kijana akacheka mupaka akashika ukuta. «Karibu, mama wa Katanga. Umepata saa moja ya bure.» Basi hesabu mwenyewe: juu mu ndege tulikaa saa mbili na nusu. Toka kwetu Likasi mupaka Luano, na makamyo ya madini kujaa barabara, tulikaa saa tano! Kwa hiyo Lubumbashi njo mbali kuliko Kinshasa.

Na nilikaa kwa dirisha. Kando yangu kulikuwa muzee wa kostime, amefunga macho, anaomba, jasho inamutoka. Nikamuambia, «Papa, fungua macho, tazama inchi yako.» Minye niliyebeba samaki ya Lufira kwa kichwa miaka yote ile, mawingu yalikuwa chini ya miguu yangu, na jus mu mukono. Nilijivuna. Mupaka leo najivuna.

Sasa maneno ya Solange, mutoto wa dada yako huku Kinshasa. Bantu ba mwanaume wake batakuja kuleta mahari siku ya posho, ni kusema jumamosi, kesho yake ni ndoa mu kanisa. Baba yake alikufa, mujomba wa kuipokea ni weye peke yako. Dada yako Jeanne alilia kusikia jibu lako: «Ni mbali, mama. Muweke telefone kwa kiti, nitaongea.» Mujomba wa telefone! Na mbuzi ya mujomba, tutaipa telefone ikule? Bale bantu batasema mutoto wetu hana kwao. Juzi Solange, mujukuu wangu, aliniuliza, «Nkambo, mujomba hanipendi?» Nikachukua karatasi, nikaanza kukuandikia hii barua.

Si mbali, Ngoy. Unaogopa. Weye mwenye kupasua mawe na baruti! Hata minye, wakati ndege ilitikisika, nilimushika yule muzee shati mupaka kifungo kikatoka. Lakini nilifika.

Nasalimia muke wako, musema kweli. Na mama mwimbishaji wa korali, umueleze vizuri ile hesabu ya saa, weye mwenyewe, mbele ya bote. Na jirani wangu wa Shituru anayenilindia nyumba, asikule kuku zangu.

Ni minye mama yako, Numbi, muntu wa ndege.

Toka Likasi asubuhi sana, siku mbili mbele ya mahari, makamyo yangali yamelala. Vaa koti ya baba yako. Omba kiti cha dirisha. Siku ya posho nataka kukuona kwa kile kiti cha mujomba, na tumbo yako yote.