Chapati ya Kula Hapa Hapa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Barua hii haina bahasha. Anayetaka kuisoma na aisome, akianza na mwenyekiti wa kijiji hiki cha Serengeti nilikoolewa, maana habari zake zimo. Tangu tukuzike Nyamwaga sijakuandikia hata neno. Leo nimekasirika, na mimi nikikasirika nakukumbuka wewe.

Unaukumbuka mgahawa wetu wa kijiji? Mwaka ule tulipohamishwa na kupangwa kwa mistari kama mahindi ya shamba la shule, kamati iliamua kwamba kijiji cha ujamaa lazima kiwe na mgahawa. Wanaume wakasimamisha nguzo na kuezeka bati, ninyi akina mama mkakandika udongo, kisha mkapangiwa zamu za kupika. Nyuma, upande wa jikoni, kikaachwa kidirisha cha kupitisha mkono. Mwanamume akifika anaketi kwenye benchi, anakula chapati inayofuka moshi. Mwanamke akifika anazunguka dirishani, anafungiwa kwenye gazeti, anapeleka nyumbani.

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mkamwana hali mbele ya baba mkwe wake, wala baba mkwe hali mbele ya mkamwana. Zamani haikuwa taabu, kila boma lilikuwa na kilima chake, na mkwe ukimwona kwa mbali unachepuka. Lakini kamati ilipotukusanya mahali pamoja ilisahau jambo moja: baba wakwe wote wa kijiji sasa walikuwa na benchi moja, nao walilikalia tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama. Mwanamke aliyeolewa angeingia saa ngapi?

Na chapati zenyewe zilikuwa zako! Wee mama, nani alikuweza? Ulikanda unga kwa maji ya uvuguvugu, ukaukunja na mafuta, ukaufunika kitambaa na kuuacha upumzike. Siku ya zamu yako watu walikuja hata kutoka Susuni. Wewe mwenyewe ulikula zilizopoa. Ukuta uliotenga jikoni na benchi ulikuwa wa kiunoni tu, na Babu, baba mkwe wako aliyemzaa tata, alikuwa anakuona kutoka pale alipoketi. Kupika mbele yake hakukuwa mwiko, kutafuna ndiko kulikuwa mwiko. Mimi nilikuwa darasa la saba, nikitoka shule napita dirishani kuchukua zetu, na mpaka zifike nyumbani ukizikunja zinavunjika. Tulizichovya kwenye chai zilainike.

"Robi," uliniambia siku moja, "mwaka mzima napika chapati, na sijui ladha yake ikiwa moto."

Mwaka huohuo ulimaliza kujifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, ukawa husazi karatasi. Ulisoma hata magazeti ya kufungia. Jioni moja ulinyoosha moja lililolowa mafuta, ukapitisha kidole mstari kwa mstari. Lilikuwa na hotuba ya usawa wa wanaume na wanawake katika vijiji vya ujamaa. Ulisoma mpaka mwisho, ukanitazama. "Kwa hiyo usawa huu nao wametufungia tupeleke nyumbani?" Nilicheka mimi, wewe hukucheka.

Siku ya mnada mgahawa ulijaa. Zamu yako iliisha saa nane, jirani yetu Mama Ghati akakupokea. Nilikuwa dirishani, nimenyoosha mkono kama kawaida, nikakuona ukifungua kanga ya kiunoni, ukanawa, ukatoka. Nikadhani unakuja kwangu. Lo! Ukatokea mlango wa mbele.

"Hodi! Shikamooni wazee."

Ukaketi mwisho wa benchi, uso kwa uso na Babu. Mwenyekiti wetu wa wakati ule akakuuliza, "Mama Robi, umesahau kitu?"

"Sijasahau. Nina njaa."

Mama Ghati alikuja mbio na gazeti mkononi. "Dada, nikufungie?"

"Nakula hapa hapa. Chai, na chapati mbili."

Babu aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka na kuacha chai yake. Mzee mmoja akamgeukia mwenzake na kupaza sauti, "Mura, mwanamke huyu ametuvua nguo!" Wewe ulikula zote mbili pole pole, ukajifuta mafuta, ukawashukuru. Ulipofika kwangu ulinishika mkono kwa nguvu. Ukaniambia, "Kumbe ni tamu hivi."

Jioni wazee wa ukoo wakataka mbuzi wa kutakasa, pamoja na maneno ya samahani. Uliwajibu, "Mbuzi atoke. Samahani sina." Tata akakwambia basi, rudi kwenu. Tukaenda kwa wajomba Susuni kwa miguu, mzigo kichwani mwako na mimi nyuma nalia. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," ulisema, hukugeuka. Kumbe ulikuwa unanificha uso. Niliiona kanga yako, mama, imelowa pale ulipokuwa ukijifutia machozi.

Mvua zilipokwisha, ukuta wa mgahawa ulikuwa umepasuka, kamati ikawaita akina mama wakandike kama kila mwaka. Wakakandika. Wakalikandika na lile dirisha, wakapaka samadi juu, usijue lilikuwa wapi. Mwenyekiti akaja juu. Mama Ghati akamjibu kwa adabu zote, "Kukandika ni kazi yetu, mwenyekiti. Ukiona tumekosea, chota udongo urekebishe." Thubutu! Mwanamume wa Kikurya akakandike ukuta mchana, watu wanapita? Ukuta ukabaki hivyo, na mwanamke akitaka chapati akapita mlangoni. Wazee wakajifunza kunywa chai yao mapema na kwenda zao. Wiki ile ile tata alikuja Susuni kutuchukua. Hakusema samahani, nawe hukumdai.

Sasa sikia ya huku. Wiki iliyopita mgahawa wetu wa kijiji umetobolewa dirisha nyuma. Nilimwuliza mwenyekiti la nini, akasema ni heshima kwa wazee. Heshima! Heshima gani hiyo, mmoja anakula ya moto na aliyepika anakula ya baridi? Mume wangu akaniambia, "Robi, usinitie aibu." Nampenda mume wangu. Baba mkwe wangu naye ni mtu mwema, mwanangu wa kwanza alipozaliwa alinipa ng'ombe wa maziwa kwa mkono wake. Simchukii hata kidogo. Ila dirishani siendi.

Barua hii naiandikia mezani, mama, ndani ya mgahawa. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikaamkia, nikaketi. Binti wa zamu akauliza kama anifungie, nikamwambia nakula hapa hapa. Baba mkwe akainuka akatoka. Mwenyekiti amesimama mlangoni, ananitazama kama mwizi wa mifugo. Na atazame. Masika hayako mbali, na udongo hapa upo.

Sitakudanganya, naogopa. Naweza kuambiwa nirudi kwetu leo hii, na kwetu wewe hupo. Lakini nimekula, ikiwa moto, na kweli ni tamu kama ulivyosema.

Naishia hapa, nina safari ya kwenda hadi boma la baba mkwe. Ameacha chapati yake mezani, haijaguswa, imeanza kukauka pembeni. Nimeomba gazeti, nimemfungia vizuri. Nitaiweka mlangoni pake, nitaamkia, nitaondoka. Leo ajue yeye ladha ya kufungiwa.

Pumzika mama, usiniombee upole.

Ni mimi binti yako, niliyekula hapa hapa,
Robi