Boti Iliyomkaa Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijasema neno jingine, macho yako yanaendeleaje? Binamu aliniandikia kwamba bandeji imetolewa, na kwamba siku ile ile ulianza kukosoa mishono ya pazia la hospitali. Nilicheka peke yangu hadi Mama akaja kuuliza kulikoni. Kama daktari bado amekukataza kusoma, basi shikamoo hii imfikie pia jirani yako wa ghorofa ya juu anayekusomea, na namwomba asiruke mistari, barua hii ni ndefu.

Sisi huku hatujambo. Kikohozi kimemwacha Mama. Mimi nimepungua kidogo, lakini ni kwa kushinda karakana wala si ugonjwa. Baba naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo. Nivumilie nizieleze kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho nitakupunja uhondo.

Tumepata boti mpya, Shangazi. Ni ya alumini, mita nane na nusu, ya kuvulia bahari kuu, na kila kilichomo ndani yake tumekichagua wenyewe. Nimeiandika sentensi hiyo kwanza kwenye karatasi ya pembeni ili niizoee.

Unajua boti yetu ya mbao ilivyomalizana na Baba. Mwaka juzi alikuwa anaruka ukingo wake na kamba mkononi, akateleza, nyonga ikavunjika. Alitiwa chuma, akatembea tena, lakini mguu wa kulia haunyanyuki juu wala hauendi upesi. Tangu hapo hakukanyaga bahari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akinisubiri mimi na wenzangu turudi, kisha akatusahihisha kila jambo ambalo hakuliona. Nilimwona akizeeka kwa wiki, si kwa miaka. Nikajiapiza kuwa boti tutakayonunua iwe ya kumrudisha kwenye usukani. Naye alipokubali aliweka sharti moja tu: "Isije ikawa boti ya mgonjwa."

Tulitazama tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, na Baba aliizunguka kama mtu aliyekutana na mchumba wake wa zamani, lakini alipochomeka kisu kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, kisu kikazama. Ya pili ilikuwa ya fiba, nyeupe, nzuri ya kupigia picha. Ufuko wetu unaujua ulivyo mawe matupu, na fiba ikikutana na jiwe hupasuka kama sahani. Ya tatu haikuwa boti bado. Ilikuwa mchoro ukutani na mabati ya alumini yaliyolazwa sakafuni kwa Fundi Cheche.

Huyu Fundi Cheche ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mchomeleaji, mwenye karakana yake mwenyewe. Jina amelipata kwa kazi, kwa tabia ni mtulivu kama maji ya mtungini. Aliniuliza maswali matatu: mnakwenda umbali gani, mnavua nini, na nani anashika usukani. La tatu nilijibu kabla hajalimaliza. Alinitazama, akaandika.

Unanijua, nikishika jambo nalishika kwa meno. Wiki tatu sikusoma kitu kingine ila habari za boti. Bati la chini nilitaka milimita sita, la ubavuni nne. Kifua nilikitaka chenye pembe kali, kikate mawimbi badala ya kuyapiga makofi. Sakafu tumeiinua juu ya usawa wa maji, wimbi likiingia linatoka lenyewe kwa matundu ya nyuma. Sanduku la barafu liko katikati ili uzito wa samaki usiizamishe nyuma. Kuna tangi la chambo hai, kuna zulia la mpira kwa sababu alumini tupu hupiga kelele na huunguza nyayo, na chini kuna vipande vya zinki ambavyo chumvi itavila badala ya kuila boti. Ubavuni nikaagiza mlango.

Kuhusu mlango huo nilimwambia Baba kuwa ni wa kuingizia jodari wakubwa bila kuwanyanyua juu ya ukingo. Ni kweli unafaa kwa kazi hiyo. Lakini niliuweka kwa ajili ya mguu wake, na hilo nililimeza.

Habari zilipoenea, wavuvi wenzetu hawakutuacha. Walipita mbele ya nyumba makusudi. "Binti, mmeagiza boti au sufuria?" Mwingine akadakia, "Hawa wana akili, watavua na kupika humo humo." Baba akawajibu kutoka kwenye kiti chake, "Na nyinyi mtakuja kuomba ukoko." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia akirudisha utani, nikasema moyoni kuwa boti imeshaanza kazi hata kabla ya kuchomelewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Fundi alitaka vipimo vya nahodha: urefu wa kiwiko, kiuno, mahali mkono unapofika, ili ajue meza ya usukani iwe na kimo gani na bomba la kuegemea lipite wapi. Nilimpima Baba sebuleni, mbele ya kabati la vyombo. Alivua viatu, akavaa shati safi, akasimama mgongo wima na kidevu juu kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nikaandika kila kitu hadi nusu sentimita, nikampelekea fundi karatasi nikiwa nimejaa sifa.

Wewe uliyewashonea watu miaka thelathini, najua umeshaanza kutikisa kichwa. Tikisa tu, mbele utanikuta nami natikisa changu.

Siku ya kuishusha majini nusu ya mtaa ilikuja. Iling'aa, Shangazi, hata waliokuja kucheka walipitisha mikono yao ubavuni bila kujijua. Baba alishika usukani, nikasimama nyuma, tukavuka mwamba hadi penye mawimbi. Hapo nikaona. Meza ya usukani ilimfika kifuani. Bomba la nyuma, lililotakiwa kumbeba, lilimgonga mgongoni kila wimbi lilipotuinua. Alikuwa akining'inia kwenye usukani badala ya kuuongoza. Kwa dakika arobaini hizo jasho lilimlowesha shati zima.

Tuliporudi aliipigapiga boti kama ng'ombe mwema. "Boti nzuri sana," akasema. Kisha akaniwekea funguo kiganjani. "Ni yako. Mimi nitakuwa nawapokea kamba hapa nchi kavu. Mwili umekataa."

Nilikaa jikoni na funguo zile. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Nahodha, umri miaka ishirini na sita, boti mpya, tena kwa ridhaa ya mwenyewe. Nilijitazama nikifurahi hivyo, na sikujipenda. Ndipo nikajiuliza, mwili umekataa nini hasa? Nikaitoa ile nakala ya vipimo nikaisoma upya, nikamkumbuka Baba wa zamani kwenye boti ya mbao, jinsi alivyokuwa akisimama. Hakuna mtu anayesimama wima baharini. Mimi nilikuwa nimepima heshima yake, nikampelekea fundi aichomelee.

Asubuhi nilikwenda karakana. Fundi Cheche alinisikiliza huku akifuta miwani yake.

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Vipimo vile ni vya askari wa gwaride."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Mwanangu, uliniletea karatasi yenye desimali. Mtu akija na desimali huwa simbishii."

Nilitaka ardhi ipasuke. Akanihurumia, akaigonga boti kwa kidole. "Hii si saruji. Alumini inakatwa, inashushwa, inachomelewa, inasahau. Niletee mtu. Karatasi kaa nayo."

Kumpata huyo mtu ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta anakula, nikasema moja kwa moja, "Baba, si mwili uliokataa. Ni vipimo."

"Usinibembeleze."

"Ulisimama kama unapigwa picha, nami nikakupima hivyo hivyo."

Akachota kijiko kingine. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaona niseme yote. "Na ule mlango wa ubavuni si wa jodari. Ni wako."

Kijiko chake kikasimama njiani. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Mama, aliyekuwa anaosha vyombo, akasema bila hata kugeuka, "Mimi nilijua tangu siku mlipoleta mchoro. Una ngazi kwa chini. Jodari gani anapanda ngazi?"

Baba alijaribu kukasirika, lakini cheko lilimtangulia. Alicheka hadi akashika meza. "Kwa hiyo mlijua nyote kasoro jodari na mimi." Kisha akafuta macho, uso ukabadilika. "Nilisimama vile kwa sababu ulikuwa unaandika," akasema. "Sikutaka uandike mguu." Akaendelea kula. Alipomaliza akasema, "Kesho nipeleke kwa huyo mwanamke wa moto."

Natamani ungeiona kazi ya siku ile. Boti ilikuwa juu ya trela. Fundi Cheche alimwomba Baba ashike usukani tu, hakutoa kipimo chochote mfukoni. Akapunguza upepo wa matairi ya upande mmoja, akawapanga mafundi wake wanne ubavuni, akawaamuru waitikise. Mwanzoni Baba alisimama wima vile vile, anatazama mbele kama sanamu. "Ongezeni," akasema fundi. Wakaongeza. Boti ikalala huku, ikalala kule, nami niliyekuwa nyuma nikashika nilichokipata.

Ndipo mwili wa Baba ukatusahau. Goti la kushoto likakunjika, mguu mbovu ukajinyoosha pembeni, uzito wote ukahamia upande mmoja, na mkono wa kushoto ukaenda hewani kutafuta bomba mahali ambapo mimi sikuweka bomba. Fundi alipanda na chaki. Akachora kuzunguka nyayo zake, akaweka alama kiunoni, akashika ubao pale mkono ulipokwenda akauchora nao. Usukani ulitakiwa kushuka shibiri nzima na kusogea kushoto. Shibiri nzima, Shangazi, na mimi nilikuwa nahangaika na nusu sentimita.

Watu walipoacha kutikisa, Baba alimwinamia fundi akamnong'oneza, lakini nikasikia. "Na huyu binti naye mpime. Asijue."

"Nimeshamaliza," akajibu Fundi Cheche. Nikatazama chini. Nyayo zangu zilikuwa ndani ya mistari ya chaki.

Kazi ilichukua siku nane. Meza ya usukani imeshushwa, bomba la kuegemea limezungushwa upande wake wa kushoto na kuvalishwa mpira, na nyuma nimewekewa kishikio changu mahali ambapo mkono wangu ulikimbilia bila kuniomba ruhusa. Mishono ya kuchomelea imelala sawasawa kama ya cherehani yako, na ukipitisha kidole huwezi kujua palipokatwa. Wewe ungesema nguo imemkaa.

Jumatano tulitoka alfajiri, Baba na mimi tu. Alipitia mlangoni, mbele ya wavuvi wote, na mmoja alipofungua kinywa Baba akamwahi: "Nawe kavunjike nyonga kwanza, ndipo uje tuzungumze milango." Tulivuka mwamba, tukaendelea hadi nchi ikawa mstari. Alisimama kwa muda wa saa sita, na sikumwona hata mara moja akiushikilia usukani kama mtu anayezama. Jodari wa kwanza aliposhika mshipi nilikuwa na mikono miwili tu na yote ilikuwa na kazi. Sikusema kitu, lakini boti ilikuwa inageuka pale pale nilipohitaji igeuke, ikimfuata samaki, ikinipa nafasi. Nimesoma miaka mingi, Shangazi, na sijui kama nimewahi kueleweka hivyo na mtu anayenipa mgongo.

Tulipata watano, wawili wakubwa. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Shika."

"Kuna nini, Baba? Mguu?"

"Njaa. Shika nile."

Akakaa juu ya sanduku la barafu, akafungua chakula chake, akawa anakula na kunikosoa kwa pamoja. "Unakwenda wapi huko, kwa mkwe? Rudi kushoto. Kushoto, nimesema, usiivute kama mbuzi." Alipomaliza alinawa, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaja kusimama nyuma yangu kusubiri zamu yake. Nikampisha.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, yule mrefu na yule mwenye maneno, na mwambie mwenye maneno kuwa nafasi ya kutapika kwenye boti yetu ipo, aje tu likizo. Mama anakusalimu na anasema usianze kushona kabla daktari hajakubali, anakujua. Baba naye anakusalimu sana. Nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie dada yangu nafanya kazi."

Mungu ayatunze macho yako, siku moja uione boti hii kwa hayo hayo.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku.