Si Pacha, Ni Maji

Mume wangu, mjukuu wangu,

Sisi wazima. Anayeniandikia ni mke mwenzangu, mkeo, amelalia ubavu hapa wodini. Tumbo nililoapa kuwa la pacha lina mtoto mmoja na maji kupita kiasi. Daktari anasema ni sukari imempanda. Nami kila asubuhi nilimpa uji wenye vijiko vinne vya sukari, nikijua namtia nguvu!

Hapa mwandiko umebadilika. Sasa anaandika muuguzi, maana mkeo kakataa kuandika haya. Chupa ya uzazi ikipasuka ghafla, kamba ya kitovu inaweza kutangulia, mtoto akakosa hewa. Mkeo anaogopa utafukuzwa kazi ukija. Ufukuzwe! Mwanamke analia huku kageukia ukutani. Njoo.

Bibi yako.