Nzi wa Jicho la Kushoto

4 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Jicho langu la kushoto halijapona. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje?

Miezi minane tangu niwekewe lenzi ndani ya macho, la kulia linaona mpaka kucha za mtu aliye ng'ambo ya barabara. La kushoto huwa jekundu, mwanga unalichoma, na kuna madoa meusi yanaelea. Juzi dukani, nikishona, nilipunga mkono kufukuza nzi. Mama akainua kichwa kwenye cherehani: "Unampungia nani, mchumba?" Wateja wakacheka. Hakukuwa na nzi.

Daktari alisema ni uvimbe ndani ya jicho. Kila nikimaliza dawa ya matone, unarudi. Tangu Januari sijaenda kwake. Namwambia Mama nakwenda, kisha nakaa kwenye benchi la posta saa nzima. Ni yeye aliyehangaika nipate lenzi hizi, na kila mteja humwonyesha uso wangu: "Mtazame, miwani kwaheri!" Nitamwambiaje?

Ningenyamaza. Lakini jana alisema nawe utawekewa lenzi tarehe kumi na tisa, kwa kuwa mimi nimepona vizuri. Tafadhali usiende kwa kunitazama mimi.

Mwanao,
Kobe

9 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, unanung'unika kama mwenye nyumba. Barua yako nimeisoma mara tatu, miwani puani. Nilishaanza kushuku: mistari yako ilikuwa imenyooka kama rula, siku hizi inapanda mlima.

Nimeahirisha. Najua wengi wanapona, ila sasa nina maswali ya kumuuliza daktari ambayo sikujua kuwa yapo. Nawe, jicho si chunusi ungoje likauke lenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa umwambie mama yako. Ikipita, napanda basi nije nimwambie mimi, na unajua nisivyojua kunong'ona.

Mama yako mdogo

2 Aprili

Shikamoo Mama mdogo,

Mgongo umetulia? Samahani kwa kukuweka roho juu.

Nilimwambia Ijumaa hiyo asubuhi, kabla hatujafungua duka. Alikunja sare moja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema tu, "Vaa viatu."

Daktari alinigombeza kidogo, akanipa matone nitakayoyapunguza polepole kwa miezi mitatu. Uvimbe ukirudi tena, lenzi ya kushoto itatolewa, nami nirudie miwani. Hajui itakuwaje. Mimi ndiyo kabisa. Kila nikiamka nahesabu madoa kwenye ukuta mweupe. Leo ni manne. Jana yalikuwa manne, au matano.

Mama hajanilaumu hata kwa neno moja. Lakini jana mchana nilirudi dukani kufuata mwavuli nikamkuta peke yake. Alikuwa amejifunga kitambaa kwenye jicho la kushoto, anatunga uzi mweusi kwenye sindano. Akakosa, akaulamba uzi, akakosa tena. Mezani alikuwa amepanga nguo mafungu mawili, na juu ya moja ameweka karatasi: "Hizi ataweza."

Nikarudi nyuma, nikakohoa kwa nguvu mlangoni. Nilipoingia, kitambaa kilikuwa mfukoni.

Hajui kuwa nilimwona. Nakuomba, Mama mdogo, hata wewe usiyejua kunong'ona: hili nifichie.

Mwanao,
Kobe