Chupa Isiyotakiwa Kuisha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, ingawa kwa kubembelezwa. Sababu ya kuchelewa kukujibu utaikuta huko chini, na nakuomba usinikasirikie kabla hujaifikia.

Uliuliza kuhusu sabuni. Bado natengeneza pale pale jikoni, kwa sufuria ile ile iliyopinda mkono. Kinyozi wa chini bado ananunua mbili kila Jumamosi, ila juzijuzi alisema eti siku hizi sabuni zetu zinanukia kama teksi mpya. Nilicheka naye. Kisha nilipanda ngazi haraka, asije akaniuliza zaidi.

Unaukumbuka utaratibu wa mama. Ile chupa ya kahawia ya manukato ya sabuni, juu ya kabati, haikuruhusiwa kuisha. Ikibaki robo, aliijaza upya, tone la hiki, tone la kile, huku akinusa ya zamani na mpya mpaka zikawa kitu kimoja. Hakuandika hata mstari. Alisema karatasi haina pua, basi.

Tangu akili ianze kumtoka, sura yangu haimwambii kitu. Lakini alikuwa akinivuta mkono, ananusa kiganja, halafu ananiita Pua, lile jina la utani alilonipa kwa kuwa nilijua kilichopikwa kwa jirani kabla sufuria haijafunuliwa. Hapo alikubali kuogeshwa na kulishwa. Kwa harufu ile ya sabuni nilikuwa mwanawe.

Sasa ni wiki tatu amenikataa. Ananusa mkono, anausukuma. Juzi alimwomba jirani, kwa adabu kabisa, amtoe mgeni huyu chumbani kwa sababu wanawe wanakuja. Mgeni mwenyewe ni mimi, dada. Nilisimama na beseni la maji mkononi, sikujua niliweke wapi.

Nimekuficha jambo mwaka mzima. Baada ya yale mafua makali, pua yangu haikurudi. Maziwa yaliyochacha, gesi inayovuja, nywele za mama, kwangu vyote ni kimoja. Niliona haya kusema, maana mimi ndiye niliyeachiwa chupa. Ilipofika robo, nilikwenda kwa muuza manukato, yule tunayemwita Profesa kwa ajili ya koti lake jeupe. Nilimweleza harufu ya mama kwa maneno: maua kidogo, mbao kidogo, na kitu kama ganda la chungwa. Alinipa mchanganyiko wa tayari, akasema hauhitaji ufundi, vijiko vitatu kwa kilo na kazi imekwisha. Hakunidanganya. Ni mzuri tu kwa mtu anayetaka sabuni inukie.

Ningeutia moja kwa moja kwenye sufuria, chupa ingebaki salama. Lakini mkono ulishazoea: ikibaki robo, jaza. Niliumimina wote ndani ya chupa ya mama, nikatikisa. Nikanusa kama anavyonusa yeye, nikapata hewa tupu, nikajiambia imekaa sawa. Vipande vya zamani nilivyoweka kwa matumizi ya nyumbani vilipoisha tukaanza vipya, ndipo mama aliponipoteza. Ile robo ilikuwa yeye mwenyewe, na nimeiua kwa mikono yangu. Nimelia hadi nimechoka, na hakuna kilichorudi.

Uliniandikia kwamba kipande chako cha mwisho cha sabuni ya mama kilikwisha zamani. Nakuomba utafute hata hivyo, kwenye sanduku la nguo, mifukoni mwa makoti, hata kiwe kama ukucha. Ukikipata usinitumie, kwa sababu mimi sitajua kama ndicho. Njoo nacho. Kiogee kabla ya kuingia chumbani, ili mama apate walau binti mmoja.

Nisalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa Pua