Ng'ombe wa Danieli

Mpendwa Mama,

Barua hufunguliwa kwa kujuliana hali, na wewe ulinifundisha kwamba kumwandikia mtu mzima bila kumuuliza hali yake ni utovu wa adabu. Basi nimekwama hapo hapo, mstari wa kwanza. Hali yako ndiyo hasa nisiyoijua. Sisi hapa Karatu tunaendelea. Vumbi tele, mvua bado. Baba yuko kule kule Mbulumbulu, anakohoa lakini shamba haachi, na ukimwambia apumzike anakujibu kwamba atapumzika sana baadaye.

Nakuandikia kwa sababu nina wasiwasi, Mama, na wasiwasi wenyewe ni ule ule wako. Wengine hurithi pua ya mama yao, mimi nimerithi huo. Jumapili iliyopita mjukuu wako Neema alitoka shule ya Jumapili, akakaa jikoni akinitazama nikichambua maharage, kisha akauliza, "Mama, mjomba Danieli yuko motoni?"

Nikamwambia akalete kuni.

Kuni zilikuwepo tele, na yeye alikuwa anaziona. Akaenda, akarudi na kijiti kimoja, akakiweka mbele yangu. "Nimeleta. Yuko motoni?" Nikamwambia tutaongea kesho. Kesho imepita na nyingine imepita, na mtoto ananifuata ndani ya nyumba kama mtu anayenidai. Nimwambie nini? Wewe uliulizwa na moyo wako swali hilo hilo miaka yote mpaka tukakuzika, na sikuwahi kukusikia ukilijibu likaisha.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa na makanisa mawili chini ya paa moja? Baba alikuwa mzee wa kanisa la zamani, lile la mabati pale mlimani. Wewe uliokoka kwenye mahubiri ya hema, lilipopigwa uwanja wa mpira, na Danieli akaokoka wiki ile ile, akaingia kwaya. Kijijini watu waliacha kusalimiana kwa ajili ya mambo hayo. Nyumbani kwetu mlibishana wakati wa kupukuchua mahindi tu, na mahindi yakiisha na ubishi umekwisha.

Baba alikuwa akisema Mungu akishakushika hakuachii, hata ukirusha mateke. Wewe ulikuwa ukisema mtu anaweza kuokoka asubuhi na kupotea jioni, ndiyo maana lazima akeshe. Baba akisema ile miaka elfu ya kitabu cha Ufunuo ni namna ya Mungu ya kuhesabu, wala siyo ya kalenda ya ukutani. Wewe ukasema miaka elfu ni miaka elfu, kama gunia ni gunia. Ukaondoka kwenda kuosha vyombo, maana hukutaka Bwana arudi akute sufuria chafu.

"Mama Danieli," Baba akakutania, "siku hiyo malaika wataona aibu, sufuria zako zitang'aa kuwashinda."

"Cheka," ukamjibu. "Utacheka ukiwa umebaki, sisi tumechukuliwa."

Na kila jioni kabla ya ugali ulituuliza, "Kuna mwenye neno?" Maana yake, nani ana dhambi ya leo aitubu kabla hatujala. Mimi nilikuwa nikitafuta dhambi kama mtu anayetafuta sindano. Danieli alikuwa na dhambi za akiba. Njaa ikimbana anasema haraka, "Mimi nimemtamani mbuzi wa jirani," na wewe ukijua kabisa kwamba anatania, ukageuza uso tusione unacheka. Nampenda sana Danieli wa jioni zile. Natamani Neema angemjua huyo.

Halafu ikaja vita ya Uganda, akaenda. Akarudi mzima, viungo vyote, na tukamshukuru Mungu kwa nderemo. Ila aliyerudi hakuimba tena. Alikuwa anakaa kilabuni mpaka jua linazama, na akirudi hasemi na mtu. Watu wa hema walisema amerudi nyuma. Wewe hukusema neno hilo hata siku moja. Ulimwekea chakula, na jioni ukauliza kama kawaida, "Kuna mwenye neno?" ukimtazama yeye, na yeye akitazama ugali.

Mwaka ule nyati walikuwa wanashuka kutoka msituni, upande wa Hifadhi, wanalala kwenye ngano yetu kana kwamba wao ndio walioipanda. Asubuhi ile Danieli alitoka kilabuni alikokesha, akapitia shambani kuwafukuza. Alikuwa peke yake. Waliokwenda kukata majani ndio waliomkuta.

Kilichonishangaza, Mama, ni kwamba hukulia kwanza. Ulikwenda kwa mganga wa zahanati, ukiwa na kanga yako ya shambani, ukamuuliza mtu aliyepigwa na nyati namna ile hukaa muda gani kabla ya kukata roho. Yule mganga akadhani unataka faraja, akakwambia, "Pole, mama, hakuteseka, ilikuwa mara moja." Nikaona uso wako unavyoanguka. Wewe ulikuwa unataka aseme alikaa kidogo. Ukamuuliza tena kwa sauti ndogo, "Hata muda wa kusema neno moja?" Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa, na tangu siku ile sijapata kulisahau swali hilo.

Kwenye mazishi wazee wa kanisa la mabati walisema Danieli amepumzika. Mwinjilisti wa hema naye alikuja, akakushika mkono, macho yamejaa machozi, maana alimpenda kijana wake wa kwaya. Ila hakusema amepumzika. Alisema, "Tumwachie Mungu." Si mtu mbaya yule. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na neno hilo ulirudi nalo nyumbani.

Ndipo miaka elfu ilipogeuka kuwa mateso yako. Nakumbuka tukipalilia pamoja, ukaacha jembe ukaniuliza, "Nikifufuliwa mimi kwanza na wateule, yeye akabaki ardhini mpaka miaka elfu iishe, nani atapalilia kaburi lake?" Nikadhani unatania. Ukaendelea, "Na hapo atakapoamka, ataamkia hukumuni, na mimi sipo karibu."

Nikakwambia, "Si ufuate ya Baba? Baba anasema wote wataamka siku moja."

"Naitaka sana ya baba yako," ukasema. "Ndiyo maana naiogopa. Mtu akitaka kitu sana huona hata kwenye Biblia kimeandikwa."

Sijui kama niliwahi kusikia mahubiri yaliyonitisha kama maneno hayo.

Sasa nije kwenye ng'ombe. Siku ya kipaimara Baba alimpa Danieli mtamba mwekundu, na kwa desturi yetu hakumfuga zizini kwetu. Alimkabidhi kwa rafiki yake, Mzee Bura, ambaye watoto wake hawakuwa na maziwa. Mzee Bura anywe maziwa, atumie samadi, ndama wawe wa Danieli, na ng'ombe akifa, ngozi iletwe ionekane. Hakuna karatasi. Ndivyo tunavyofanya ili ugonjwa usimalize mali yote zizi moja, na ili mtu awe na watu. Kisha ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa huku na huko, Mzee Bura akapelekwa bondeni tusikokujua. Ukawa unasema ng'ombe yule amekwenda. Baba alikujibu neno moja tu kila mara, "Ngozi haijaletwa."

Mavuno ya kwanza baada ya msiba, tunapepeta ngano uani, tukasikia mluzi njiani. Mzee Bura, mguu mbovu, fimbo mkononi, na mbele yake ng'ombe mwekundu mzee, pembe moja imevunjika, na nyuma yake mtamba na ndama. Alikuwa amesikia habari za msiba sokoni, akatembea kutoka bondeni.

Baba akamwambia, "Bura, ungeweza kukaa kimya. Aliyekuwa mwenyewe hayupo, na sisi hatukujua uliko."

"Watu husema asiyekuwepo na lake halipo," akasema Mzee Bura. "Labda ni kweli kwa sahani ya nyama. Ng'ombe wa mtu hafanyiwi hivyo. Nilihama mimi, yeye hakumhama mwenyewe. Nililala kule, yeye alikuwa wa Danieli. Hata aliponitoroka akachanganyika na ng'ombe wa watu msimu mzima, alikuwa wa Danieli."

Ulikaa chini palepale kwenye makapi, ndipo ukalia. Ulilia mpaka jirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine.

Wiki hiyo hiyo mwinjilisti alipita kutujulia hali, nawe ukamsimulia yote, halafu ukamuuliza kama Danieli naye si wa Mungu bado. Alikusikiliza vizuri. Akakujibu kwa upole, "Mama, ng'ombe hana hiari. Mtu anayo. Mtu huvunja zizi mwenyewe akaondoka."

"Mwinjilisti," ukasema, "sikuulizi habari za ng'ombe. Nakuuliza habari za mwenye ng'ombe."

Baba, aliyekuwa mlangoni akisubiri kufurahi, hakufurahi. Ukawamiminia wote wawili maziwa ya yule ng'ombe, wakanywa.

Ningependa kukomea hapo, nimweleze Neema kwamba siku ile bibi yake alipona. Hukupona. Ulitulia msimu mmoja, ukawa hata unaacha sufuria moja moja bila kuosha. Kisha mvua zikakosa, watu wakaanza kusema hizi ndizo dalili zenyewe, na hofu ikarudi ikakukuta palepale ilipokuacha. Ukawa unasema, "Na kama mwenye ng'ombe mwenyewe amesema, aliyetoroka simtaki tena?" Swali hilo ninalo hata sasa.

Ulipougua hukuomba hospitali, uliomba kaburi. Ulinivuta karibu ukasema, "Mnizike karibu na Danieli, pale mwisho wa ngano. Karibu kabisa. Nikiamka nimshtue." Nikakuuliza kama itafaa, ikiwa zamu zenu ni tofauti. Ukafikiri. Ukasema, "Nitakuwa nimekaa tu, nasubiri. Miaka elfu si mingi kwa mama." Tulikuzika hapo. Baba ndiye aliyepima nafasi, na kila alipowaambia ndugu zake wasogeze kaburi kidogo kwa sababu ya mizizi, mimi nilikataa.

Sasa nirudi kwa mjukuu wako huyu anayenifuata jikoni. Yule mtamba alizaa, na ndama wake tulimpa Neema alipobatizwa. Nami nikafanya kama Baba: nikamkabidhi kwa mkwe wa Mzee Bura. Kwa ukame huu wamehama tena kutafuta malisho. Wengine wanasema wako upande wa Mbulu, wengine wanasema wamepanda juu kuelekea Endulen kuomba hifadhi kwa rafiki zao Wamasai. Jana jioni Neema akaniuliza, "Mama, na ng'ombe wangu yuko wapi?"

Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "Sijui aliko, mwanangu. Ila ni wako."

Mikono ikanisimama kwenye maharage. Nikajisikia nilivyosema, nikaogopa, Mama. Niliogopa vile ulivyoogopa wewe, kwamba nakitaka hiki kupita kiasi. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, na siwezi kumtuma kuni maisha yangu yote. Nikasema, "Na mjomba Danieli pia. Sijui aliko. Najua ni wa nani."

Akaanza kunisaidia kuchambua. Nikadhani yameisha. Kisha akauliza, "Na huyo mwenye mjomba, anajua aliko?"

Hapo nilimwambia akalete kuni. Alipofika mlangoni nikaona si haki, nikainuka nikaenda naye. Tulitembea mpaka mwisho wa uwanja tumeshikana mikono, na tulirudi mikono mitupu. Swali lake nimekuletea wewe, uliye karibu na wa kuulizwa. Jumamosi tutapanda lori la Mbulumbulu twende tukapalilie. Nitamwonyesha Neema jinsi mlivyolala karibu.

Lala basi, Mama. Sufuria zimeoshwa. Zamu yako ikifika, iwe ya kwanza au ya wote, mshtue Danieli kabla hujasimama, na msiondoke hapo mpaka tuwafikie.

Ni mimi kitindamimba wako,
Mama Neema